Nidhamu ya askari inaletwa na nini? Jibu kwa kijana anayekwenda Monduli

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza JKT na sasa nimechaguliwa kwenda Monduli kusomea uafisa. Kule kambini tulikuwa kombania mbili jirani: vijana wa umri mmoja, ugali na maharage yale yale, adhabu zile zile. Kombania moja watu walitoroka usiku kwenda kijijini, vitu viliibwa kwenye mahanga, na kila asubuhi foleni ya wagonjwa wa uongo ilikuwa ndefu. Ya pili ilikuwa shwari, na wala afande wao hakuwa mkali zaidi. Je, nidhamu inaletwa na adhabu, na mafunzo, au na mtu anayeongoza? Na kama ni kiongozi, anafanya nini hasa?

Jibu: Marahaba, kijana wangu, na hongera. Swali lako nimelipenda kwa sababu umekuja na ushahidi wako mwenyewe. Chakula, umri na adhabu umeshaviondoa, maana vilikuwa sawa pande zote mbili. Kilichobaki ni mtu. Kwa hiyo jibu fupi ni kiongozi, na nadhani ulilijua kabla hujaniandikia. Kazi iko kwenye kipande cha mwisho: anafanya nini hasa.

Watu wengi, hata baadhi ya wenye nyota mabegani, hudhani hili ni suala la ukali na upole. Wanabishana kama afande bora ni yule anayerusha watu kichura au yule anayewaita "vijana wangu". Historia ya majeshi haiwaungi mkono. Makamanda wakali wameasiwa, na wapole nao wameasiwa. Kipimo changu mimi ni kingine: amri hushuka vizuri pale tu ambapo malalamiko yanaweza kupanda. Njia ya kupanda ikizibwa, askari ataendelea kupiga saluti, gwaride litaendelea kunyooka, na kamanda atalala usingizi mnono mpaka usiku atakaoamshwa na mtutu wa bunduki.

Hilo lilitokea hapa hapa kwetu, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, na nataka tulikalie kidogo kwa sababu kila afisa wa JWTZ anatembea juu ya historia ile, ajue asijue.

Tanganyika Rifles lilikuwa ni jeshi la King's African Rifles, ile KAR ya mkoloni Mwingereza waliyoitumikia babu zetu, lililobadilishwa jina tulipopata uhuru Desemba 1961. Batalioni ya kwanza ilikaa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Ya pili ilikaa kambi ya Kalewa, Tabora. Bendera ilikuwa mpya na beji zilikuwa mpya, lakini aliyekalia kiti cha kamanda alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza, na nafasi kubwa za uafisa zilikuwa za Waingereza wenzake. Maafisa wa Kitanganyika walikuwapo, ila wachache na wa vyeo vya chini. Askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi.

Kwa macho ya mgeni, jeshi lile lilikuwa na nidhamu ya kupigiwa mfano. Kwata safi, viatu vinang'aa, hakuna anayejibu. KAR ilijua kuzalisha hicho. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na mambo mawili yaliyochemka kwa miaka miwili: mshahara, na swali la lini Mwafrika atapewa kuongoza jeshi la nchi yake. Tarehe 7 Januari 1964 Rais Nyerere akatangaza kwamba upendeleo wa Waafrika katika ajira za serikali umekwisha, kila raia ahesabiwe kuwa raia. Kama msimamo wa utu, ulikuwa sahihi, na mimi bado nauheshimu. Lakini mweke sajenti wa Colito aliyesubiri nyota tangu siku ya uhuru, msikilizishe tangazo hilo redioni, halafu mwulize amesikia nini. Siku tano baadaye Zanzibar ikapinduliwa, na sehemu ya polisi wa Dar es Salaam wakavushwa kwenda kule kusaidia kutuliza hali. Mji ukabaki na walinzi wachache.

Sasa tazama njia ya malalamiko ilivyokuwa. Askari alitakiwa aseme kwa koplo wake, koplo kwa sajenti, sajenti kwa afisa wa Kiingereza, na huyo kwa brigedia wa Kiingereza. Kwa maneno mengine, lalamiko kwamba Waingereza waondoke lilitakiwa lipitie mikononi mwa Waingereza. Sidhani kama inahitaji shahada kujua lingeishia wapi.

Lilipasuka saa za usiku wa manane. Askari walipiga king'ora, wakawakamata maafisa wao na kuwafungia mahabusu ya kambi, wakaingia mjini na kushika Ikulu, kituo cha redio na uwanja wa ndege. Aliyekuwa mbele alikuwa sajenti, Francis Hingo Ilogi. Oscar Kambona, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya ulinzi, akaenda Colito kuzungumza nao, na walichodai kilikuwa kile kile cha miaka miwili: maafisa wa Kiingereza waondoke, na mshahara upande kutoka 105 kwenda 260. Maafisa wale wakapandishwa ndege kwenda Nairobi. Mjini maduka yakavunjwa na watu wakafa. Kesho yake Tabora nao wakafuata. Tarehe 25 alfajiri, kwa ombi la serikali yetu wenyewe, makomando wa Kiingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur, wakaizingira Colito, na mambo yakaisha haraka. Fikiria aibu ya kiongozi aliyepigania uhuru kulazimika kumwita mkoloni wa jana amnyang'anye silaha askari wake. Nyerere hakuificha aibu hiyo.

Jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawalitazami vya kutosha ni tofauti ya Tabora. Askari walikuwa wa jeshi lile lile, mshahara ule ule, hasira ile ile. Lakini kule palikuwa na Kapteni Mrisho Sarakikya, kijana wa Kimeru aliyehitimu chuo cha Sandhurst mwaka 1961. Wazungu walipoondolewa, yeye ndiye aliyeshika uongozi wa batalioni, na akaweza kuituliza. Waingereza walipofika Tabora hawakukuta vita. Unaona mfano wako wa kombania mbili unavyojirudia katika batalioni mbili? Askari walikuwa wameshavunja nidhamu, wameshawafukuza wakubwa wao, na bado waliweza kumsikiliza mtu mmoja. Cheo chake kilisaidia, ndiyo, lakini cheo pekee kilikuwa kimeshindwa siku ile ile kwa Waingereza waliomzidi. Nadhani walimsikiliza kwa sababu walimwamini kwamba anaelewa walichokuwa wanadai hata kama hakubaliani na walivyodai. Miezi michache baadaye, JWTZ ilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964, Sarakikya akafanywa Mkuu wa Majeshi wa kwanza, akiwa na umri wa takribani miaka 30. Akakaa hapo mpaka 1974.

Wiki ile ile ya Januari wenzetu nao walipata yao. Uganda askari wa Jinja waliasi tarehe 23 na wakamshikilia waziri wao, Felix Onama. Kenya kikosi cha Lanet, karibu na Nakuru, kiliasi tarehe 24. Serikali tatu, kosa moja, majibu matatu tofauti, na hapa mwanafunzi wa uongozi ana karamu.

Tanganyika ililivunja jeshi zima na kuanza upya, ikachukua vijana wa TANU na wa JKT, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miezi tu tangu ianzishwe Julai 1963. Viongozi wa uasi wakapelekwa mahakamani na kufungwa. Kenya ilikataa kujadiliana na waasi, ikawafikisha mbele ya mahakama ya kijeshi na kuivunja Batalioni ya 11, ile ya Lanet iliyoasi. Uganda ilipandisha mishahara kwa kiwango kikubwa, na katika kupanga upya safu, afisa mmoja aliyekuwa karibu na askari akapanda haraka. Jina lake Idi Amin. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili tangu makomando washuke Colito, afisa huyo aliipindua serikali ya Obote.

Usinisome vibaya. Sisemi kwamba kupandisha mshahara kulikuwa kosa. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo mno katika nchi zote tatu. Kosa lilikuwa kuupandisha chini ya mtutu. Askari akipewa haki yake baada ya kuomba kwa utaratibu, anajifunza kwamba utaratibu unafanya kazi. Akipewa haki ile ile baada ya kumshikilia waziri, anajifunza kitu kingine, na hatakisahau. Kiongozi ndiye anayeamua ni somo lipi litakaloandikwa, na mara nyingi anaamua kwa kuchelewa.

Kama unataka kuona kuziba njia ya malalamiko kulivyofanywa waziwazi kupita kiasi, vuka Ziwa Tanganyika mpaka Kongo, miaka minne kabla ya hapo. Force Publique lilikuwa jeshi la watu wapatao 25,000, lililosifika kwa nidhamu kali, na halikuwa na afisa Mkongo hata mmoja. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 5 Julai kamanda wake, Jenerali Émile Janssens, Mbelgiji, aliwakusanya askari, akachukua chaki na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Alidhani anasimika nidhamu. Siku hiyo hiyo askari wa kambi ya Thysville, mji ambao leo ni Mbanza-Ngungu, wakaasi, na ndani ya siku chache nchi ilikuwa inawaka. Waziri Mkuu Lumumba alimwondoa Janssens na kumpandisha kila askari cheo kimoja, lakini ilikuwa imeshachelewa. Mimi huwa nasema Janssens hakuwa mjinga. Alikuwa mwanajeshi wa kweli aliyeamini kwamba nidhamu ni ukuta, na ukuta hauulizwi unaonaje. Tatizo la imani hiyo ni kwamba inakunyima habari. Asubuhi ile alikuwa mtu wa mwisho Kongo nzima kujua askari wake wanafikiri nini.

Nimekupeleka kwenye maasi kwa sababu makosa huonekana vizuri yakiwa makubwa. Wewe Monduli utatoka luteni usu, utapewa platuni, na hakuna atakayekuandikia historia. Basi tushuke mpaka huko.

Katika platuni njia ya malalamiko inapita kwa mtu mmoja: sajenti wako. Yeye ndiye anayejua nani mke wake amejifungua, nani anadaiwa dukani, nani anaogopa mazoezi ya kuruka. Luteni kijana ana maadui wengi, na mkubwa wao ni hamu ya kupendwa na askari. Ndiyo inayomfanya afute adhabu iliyotolewa na koplo mbele ya kuruta aliyeadhibiwa. Anafikiri ameonyesha huruma. Alichofanya ni kuwaambia watu 30 kwamba neno la koplo halina uzito, na kuanzia siku hiyo kila amri ya koplo itasubiri kuthibitishwa na luteni, ambaye hawezi kuwa kila mahali, hasa usiku, na utoro hutokea usiku. Kama koplo amekosea, mwite pembeni, mweleze, na umwache yeye mwenyewe arudi akaifute. Ningetaka kujua kwenye ile kombania yako ya kwanza makoplo walikuwa wanatendewaje. Ningeweka dau kwamba walidharauliwa kutoka juu.

Kinyume chake nacho ni kibaya: afisa anayemwachia sajenti kila kitu na kujifungia mesi. Hapo sajenti anakuwa mfalme mdogo. Atawapangia lindo la saa nane usiku wale asiowapenda, ruhusa zitakwenda kwa wa kwao au kwa anayejua kushukuru, na malalamiko hayatapanda kwa sababu yeye ndiye ngazi na yeye ndiye anayelalamikiwa. Dawa yake ni rahisi na inachosha: pita. Pita malindoni usiku bila kutangaza. Kula jikoni na askari siku ambayo hawakutarajii. Soma mwenyewe orodha ya malindo na ya ruhusa, jina kwa jina, kila mwisho wa mwezi. Sajenti mzuri atafurahi. Mbaya atajua kwamba unasoma.

Na usidhani kupita ni mambo ya huruma tu. Mfano ninaoupenda kuliko yote unahusu vidonge. Mwaka 1943, katika vita ya Burma, ambako babu zetu wa KAR walikwenda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata, jeshi la Jenerali William Slim, Mwingereza, lilikuwa linamalizwa na malaria na magonjwa mengine. Kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa majeraha, 120 waliondolewa kwa kuugua. Vidonge vya mepakrini vilikuwapo, lakini askari hawakuvimeza, kwa sehemu kwa sababu uvumi ulienea kwamba vinaua nguvu za kiume. Ungekuwa wewe ungemwadhibu nani? Slim hakuwafuata askari. Alianzisha ukaguzi wa kushtukiza ambapo kila mtu katika kikosi alipimwa, na kama waliomeza hawakufika asilimia 95, aliyefukuzwa kazi alikuwa mkuu wa kikosi. Aliwafukuza watatu. Wa nne hakuhitajika, kwa sababu wakuu wa vikosi vingine vyote walikuwa wameelewa. Wiki za mwisho za vita wagonjwa walikuwa 6 kwa kila majeruhi mmoja.

Angalia vizuri kilichotokea pale. Kidonge ni kile kile na askari ni yule yule. Kilichobadilika ni nani anayejibu. Slim aliamini kwamba kama watu mia nane hawamezi dawa, huna wakosaji mia nane, una mkuu mmoja asiyesimamia. Kwenye kombania yako ya kwanza, waliotoroka waliadhibiwa kila asubuhi, si ndiyo? Na aliyeulizwa kwa nini wanatoroka kila usiku alikuwa nani?

Juu ya adhabu yenyewe nitasema kidogo, maana umeitaja. Haiwezekani kuiondoa, jeshi bila mahakama ya kijeshi ni kundi la watu wenye bunduki. Ila kinachoipa nguvu ni uhakika na usawa, kuliko ukubwa wake. Ufaransa mwaka 1917, baada ya shambulio la Jenerali Nivelle la Aprili kuteketeza watu bila faida, karibu nusu ya divisheni za jeshi lile zilipata migomo na uasi. Jenerali Pétain aliyemrithi alitoa adhabu, hukumu za kifo zaidi ya 500, lakini zilizotekelezwa zilikuwa chini ya 50. Wakati huo huo alirekebisha likizo, alirekebisha chakula, akazunguka vikosini kusikiliza, na akasimamisha mashambulio makubwa ya kijinga. Wanaosema aliituliza Ufaransa kwa risasi wamesoma nusu ya hesabu. Adhabu ya jumla, ile ya kuruka kichura kombania nzima kwa kosa la mmoja, mimi siipendi baada ya wiki za mwanzo za ukuruta. Inafundisha umoja, ni kweli, lakini ikizoeleka umoja huo unageuka dhidi yako: watu wanajifunza kufichiana.

Vita ndiyo mtihani wenyewe. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, yaliiba kila kilichobebeka na kuua raia, na baada ya hapo hayakuweza tena kupigana kama jeshi. Askari aliyeachiwa kupora anabeba mzigo, na mwenye mzigo anawaza kurudi nyumbani. Sisi tulipovuka mpaka, nasi hatukuwa malaika. Mbarara na Masaka ziliharibiwa vibaya mwanzoni mwa 1979, na kisasi cha Kagera kilikuwamo. Nyerere alihuzunishwa na uharibifu ule, na agizo likashuka kwa Jenerali David Musuguri, kamanda wa Divisheni ya 20, kwamba raia wa Uganda na mali zao zisiguswe tena. Nakuambia hili kwa sababu kwenye sherehe hutalisikia, na kwa afisa ndilo lenye mafunzo: jeshi lenye sababu nzuri ya kupigana linaweza kuteleza, na linalolirudisha ni neno la wazi kutoka juu kabisa.

Kisha kuna Lukaya, Machi 1979. Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo waliochukuliwa mashambani na viwandani miezi michache kabla, ilikumbana na makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Wengi walikimbia. Kwa kitabu cha adhabu, kukimbia mbele ya adui ni kosa kubwa kuliko yote. Makamanda wakafanya jambo la busara zaidi: waliwakusanya, wakawapanga upya, wakaizungusha Brigedi ya 208 nyuma ya adui, na watu wale wale waliokimbia wakapigana tena na kushinda. Upande wa pili, Luteni Kanali Godwin Sule, mmoja wa maafisa wachache wa Amin waliokuwa mbele na askari wao, alikufa pale pale, na mnyororo wa amri wa Waganda ukakatika. Jeshi lililokuwa na mtu mmoja wa kusikilizwa lilibaki bila hata huyo. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Bado nina deni moja kwako, maana kuna mtego katika haya yote. Ukisoma haraka unaweza kudhani kwamba kiongozi bora ni yule ambaye askari watafanya lolote atakalosema. Hapana. Tarehe 16 Machi 1968, katika kijiji cha My Lai huko Vietnam, kombania ya Wamarekani iliua mamia ya wanakijiji wasio na silaha, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na Luteni William Calley akiwa pale anatoa amri. Askari wengi walitii. Mwenye nidhamu siku ile alikuwa rubani wa helikopta, Hugh Thompson, aliyetua katikati ya askari wenzake na wanakijiji na kuwaambia watu wake wawafyatulie Wamarekani kama wataendelea kuua. Sheria utakayoapa chini yake inamdai askari kutii amri halali, na neno halali limewekwa pale kwa kazi. Luteni aliyezoea kuwanyamazisha watu wake kwenye mambo madogo, chakula, ruhusa, malindo, asitegemee kwamba siku atakapopotoka kwenye jambo kubwa atatokea mmoja wa kumwambia "Afande, hapana." Atakuwa amewafundisha mwenyewe kutosema.

Nikirudi kwa yule afande wa kombania yako ya pili, ambaye hakuwa mkali zaidi: simjui, lakini nina hakika ukimtafuta na kuwauliza waliokuwa chini yake, watakutajia mambo madogo madogo. Kwamba alijua majina. Kwamba akisema saa kumi na moja, yeye yupo saa kumi na moja kasorobo. Kwamba aliyeonewa alikuwa na pa kwenda, na alipokwenda kitu kilifanyika, au aliambiwa wazi kwa nini hakikufanyika. Hilo la mwisho maafisa wengi hulisahau. Askari anavumilia "hapana" yenye sababu. Asichokivumilia ni kupuuzwa, kwa sababu kupuuzwa hakuna mwisho wa kusubiri.

Umeuliza pia kuhusu mafunzo. Yanasaidia sana, hasa kwa jambo moja: mtu anayejua kazi yake haogopi kuulizwa, na kiongozi asiyeogopa kuulizwa hana haja ya kufoka. Kwa hiyo kule Monduli usidharau kusoma ramani na hesabu za mizinga kwa kudhani uongozi ni kipaji. Platuni itakupima kwa ramani wiki ya kwanza.

Na ukisharipoti kikosini, kabla hujatoa hotuba yoyote mbele ya platuni, kaa na sajenti wako muda wa kutosha, mkiwa wawili. Mwulize mambo matatu tu: nani ana matatizo nyumbani, nani hajapata ruhusa muda mrefu kuliko wenzake, na ni amri gani ya mtangulizi wako ambayo watu waliiona ya kijinga. Andika anachosema. Orodha ya malindo usiiguse mwezi wa kwanza, hata kama imepangwa vibaya, mpaka ujue imepangwa hivyo kwa sababu gani na inamfaidisha nani. Ila ile ruhusa iliyochelewa, ishughulikie wiki hiyo hiyo.